Mambasa–Bunia kwa ndege: dakika 30 hewani, lakini hesabu masaa tatu

Ukiwa na mgonjwa Mambasa na hospitali iko Bunia, swali la kwanza ni moja: tutafika saa ngapi? Jibu haliko kwa kilometa peke yake.

Kwa barabara, toka Mambasa mpaka Bunia ni karibu kilometa 165. Unafuata barabara ya taifa namba 4 mpaka Komanda, kisha unakata kuelekea Bunia. Gari ikitembea kilometa 30 kwa saa, ni masaa tano na nusu. Lakini mvua ikinyesha, malori yanakwama kwenye matope na watu wanalala njiani. Tena kuna usalama: mashambulizi ya waasi wa ADF yamefanya wasafiri waogope njia hiyo, na kuna siku magari yanangojea kusindikizwa na askari.

Ndege haifuati kona za barabara. Kwa mstari wa moja kwa moja ni karibu kilometa 130. Ndege ndogo kama Cessna Caravan inakimbia karibu kilometa 300 kwa saa, kwa hiyo 130 inakula dakika 26. Ongeza kupanda, kuzunguka na kutua: dakika 30 mpaka 35.

Sasa, mbona familia inangojea muda mrefu? Ni juu ndege haiko Mambasa inakungojea. Tuseme imelala Bunia na mmeiita saa tatu asubui. Kutayarisha ndege na mafuta, saa moja. Kuja Mambasa, dakika 35. Kupima uzito wa watu na mizigo, kisha kupandisha mgonjwa, dakika 30. Kurudi Bunia, dakika 35. Toka kiwanja cha ndege mpaka hospitali, nusu saa. Mtafika saa sita na dakika kumi. Hayo ni masaa tatu na zaidi, na mawingu ya mvua juu ya pori yanaweza kuongeza mengine.

Jambo la pili ni giza. Kiwanja kidogo kisicho na taa hakipokei ndege usiku, na huku kwetu jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni. Mkiita ndege saa kumi, hesabu ile ile inaonyesha kama itafika Mambasa na kurudi giza limekwisha ingia. Mtangojea kesho. Kwa hiyo, hali ya mgonjwa ikianza kubadilika asubui, uliza asubui.

Na wanaoendelea mpaka Kinshasa? Toka Bunia ni karibu kilometa 1.770 kwa mstari, na saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Ukitoka Bunia saa sita mchana na kukaa hewani masaa tatu, Kinshasa watakuwa saa nane, si saa tisa. Wakati wa kurudi, saa hiyo moja inakutoka. Ndege ikipitia Kisangani, ongeza muda wa kusimama.

Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: ndege iko wapi sasa? Inachukua kilo ngapi? Mwisho wa kuondoka Mambasa ni saa ngapi? Kisha pigia simu wale wanaowangojea Bunia, wawe tayari na gari.