Sumu ya Ndege Haikomei kwa Ndege

Kwetu pwani, mpunga ulipokwisha kuzaa, sisi watoto tulipandishwa dunguni kabla ya jua kuchomoza tukaamie ndege. Silaha zetu zilikuwa kombeo, debe bovu na koo zetu wenyewe. Ikifika adhuhuri sauti zilikuwa zimetupwelea, na mnana wangali wakitua upande wa pili wa shamba kana kwamba tunawaimbia. Tuliwachukia ndege wale kwa moyo mmoja. Kwa hiyo, msomaji mpenzi, usidhani kuwa naja hapa kumfundisha mkulima mapenzi ya ndege. Uchungu wa shamba lililoliwa naujua.

Dungu lile lilinirudia moyoni niliposimama Ahero, katika uwanda wa Kano, mwendo mfupi kutoka mjini Kisumu. Maji ya mto Nyando hugawiwa mashamba ya skimu ya mpunga iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na mto wenyewe huendelea na safari yake hadi Ghuba ya Winam, ziwani. Hapa nako wako waamiaji, wakubwa kwa wadogo, wakirusha madonge ya udongo na kupiga mabati. Lakini adui wao si mnana wachache. Ni kweleakwelea, kidege chenye mdomo mwekundu na uzito wa gramu kama 20 tu, ambacho wataalamu wanasema hakuna ndege wa mwituni anayekishinda kwa wingi duniani.

Mnamo Januari 2023, baada ya ukame mrefu kukausha majani na mbegu za porini, kweleakwelea waliuvamia uwanda huu. Iliripotiwa kuwa walifikia hata milioni 6, na kwamba ekari kama 300 za mpunga zilikuwa zimekwisha haribiwa. Ndege mmoja aweza kula gramu kama 10 za nafaka kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: hao milioni 6 ni tani 60 kutoka macheo hadi machweo. Mama aliyekopa fedha za mbegu na mbolea hahitaji hesabu hiyo. Atakuuliza jambo moja tu: watoto nitawalisha nini? Serikali ikaitikia kilio chake kwa kunyunyiza sumu iitwayo fenthioni.

Fenthioni hufanya kazi kwa hila. Katika mwili wa kila ndege, na katika mwili wako na wangu, kuna kitu kinachotuliza mishipa ya fahamu baada ya kila amri inayopita. Sumu hii hukifunga kitu hicho. Amri hupita zisikome. Misuli hutetemeka, pumzi hukatika, ndege huanguka. Aghalabu hunyunyizwa jioni, mahali ndege wanapolala. Lakini vichaka hivyo si vya kweleakwelea peke yao. Na asubuhi, kidege kinachopapatika chini ni chakula chepesi kwa mwewe, kwa bundi na kwa korongo mfuko-shingo. Naye alaye kilichokula sumu, amekula sumu.

Wataalamu wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Hapa Kenya walilichunguza tangu miaka ya 1980. Njia yao ni ya subira. Huokota mizoga baada ya kunyunyiza, wakahesabu ni wa ndege gani. Huchukua ubongo wa ndege na kupima kile kitu kitulizacho mishipa: kikiwa kimepungua kwa zaidi ya nusu, sababu ya kifo imejulikana. Huchunguza matumbo na maini kutafuta mabaki ya dawa. Kwa njia kama hizo, wanasayansi wa Kenya, miongoni mwao Peter Otieno na Joseph Lalah, walionyesha mwaka 2010 kuwa mizoga ya tumbusi ilikuwa na mabaki ya kabofurani, dawa ya wadudu iliyouzwa kwa jina la Furadan.

Jina hilo la Furadan ndilo linalotupeleka Bunyala, katika Kaunti ya Busia, kule mto Nzoia unakoingia ziwani. Huko nako kuna mpunga, na huko sumu haikuwekwa kulinda mashamba. Iliwekwa kutafuta kitoweo. Mtafiti Martin Odino aliyaona hayo na kuyaandika katika mwaka 2009 na 2010. Wawindaji walichukua konokono wakawatia Furadan, wakawatandaza majini. Karibu yao wakawafunga korongo walio hai wawe chambo. Korongo huyo ni yule ambaye mdomo wake haufumbi, una mwanya katikati kama koleo. Na konokono ndio riziki yake. Wapitao angani huwaona wenzao wametulia, wakadhani pana amani, wakashuka. Baada ya kitambo huokotwa, na nyama ikauzwa kwa watu.

Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Dawa ambayo chembe yake moja yatosha kumuua ndege mdogo ilikuwa inaingia chunguni. Muuzaji ana njaa, mnunuzi ana njaa, na nyama ni rahisi. Nani atamlaumu nani?

Mwaka huo huo wa 2009, baada ya habari za simba waliouawa kwa Furadan kutangazwa Marekani, kampuni iliyoitengeneza ilisema itainunua tena iliyobaki katika maduka ya Kenya. Mwaka 2017 kabofurani ilitiwa katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam, na mwaka 2025 fenthioni kali ya kunyunyizia ikafuata. Orodha hiyo si marufuku. Ni sharti tu kwamba nchi ielezwe hatari na itoe idhini kabla ya kuletewa. Basi uamuzi umerudi mikononi mwetu.

Je, mkulima wa Kano aachwe na debe lake? La hasha. Kule Kondoa, Tanzania, watu huwanasa kweleakwelea kwa mitego na nyavu, wakawala na kuwauza. Ndege yule yule huwa kitoweo kisicho na sumu. Haidhuru kama nyavu hazitamaliza mamilioni. Sumu nayo haijapata kuwamaliza. Wanaosomea kilimo na wapangao bajeti wangetazama huko pia.

Chuoni, juu ya mkeka, tulisomeshwa kisa cha Nabii Suleiman na hudihudi. Nabii alikagua ndege, akamkosa mmoja, akaghadhibika. Ndege alipofika alikuwa na udhuru wake: ameleta habari ya yakini kutoka Saba, ambayo mfalme, pamoja na elimu yake yote, hakuwa nayo. Korongo wa Bunyala na mwewe wa Kano nao wanatuletea habari, ya maji tunayokunywa na nyama tunayokula. Tofauti ni kuwa hawa wanaileta wakiwa wamekufa.

Mkulima nakwambia, jasho lako si la bure,
Ndege wakikuvamia, shamba lako wachakure,
Lakini ukimwagia, sumu haimwachi shore,
Kisimani ikingia, nani atatunusuru?