Bega Linapouma kwa Kunyanyua Vyuma

Leo nazungumza nawe kijana wa Busia na Malaba unayebeba magunia mpakani mchana, na jioni unanyanyua vyuma au yale makopo ya saruji. Bega likianza kuuma, usimeze dawa ya maumivu ili uendelee. Maumivu ni onyo.

Bega hushikiliwa na kano nne. Ukiinua uzito mkubwa juu ya kichwa mara kwa mara, kano hizo hubanwa kati ya mifupa na kuvimba. Usipozipumzisha zinaweza kukatika, na bega hilo ndilo linalokulisha.

Acha zoezi linalouma. Siku mbili za kwanza, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15. Usilifunge bega, litakaza, lichezeshe polepole. Maumivu yakiisha, anza na uzito mdogo.

Mkono ukikataa kuinuka, ukifa ganzi, au bega likiteguka, usikubali kuvutwa na mtu, nenda hospitali. Na yakija pamoja na kubanwa kifua na jasho jingi, kimbia upesi: huenda ni moyo.