Utamu wa keki za Kifaransa usikuponze

Ukipita asubuhi mbele ya patisseri, yaani duka la keki la Kifaransa, pua hufika mlangoni kabla ya miguu. Hewa yote inanukia siagi, lozi na sukari iliyoungua kidogo. Ndani, nyuma ya kioo, keki zimepangwa kama vito kwa sonara.

Wagonjwa wengi wa kisukari na presha huamini hapo si mahali pao kabisa. Wengine hujipa ruhusa ya siku moja, wakatoka na boksi zima. Msomaji wangu, huna haja ya kufanya lolote kati ya hayo. Unaweza kuingia, ukala na ukafurahi, mradi ujue kilichomo ndani ya unachokula.

Tuanze na kruasani, ule mkate laini wenye umbo la mwezi mchanga. Hauna sukari nyingi, ndiyo maana wengi hudhani ni salama. Mwokaji hutandaza siagi juu ya donge lililosukumwa, hulikunja na kulisukuma tena mara kadhaa, hadi tabaka za unga na siagi zipishane. Ndani ya oveni, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kuzinyanyua tabaka hizo, nawe unapong'ata unasikia zikivunjika. Lakini zaidi ya moja ya tano ya uzito wake ni mafuta. Kruasani moja ya gramu 60 hukupa takribani kilokalori 250, na sehemu kubwa ya mafuta ya siagi ni ya aina inayopandisha lehemu mbaya kwenye damu. Mwenye ugonjwa wa moyo asiifanye kifungua kinywa cha kila siku.

Kisha kuna makaroni, na hapa sizungumzii tambi. Hivi ni vibiskuti vya rangi, viwili viwili, vilivyobanwa pamoja kwa krimu. Hutengenezwa kwa unga wa lozi, ute wa yai na sukari. Ni vidogo, hivyo ni rahisi kupoteza hesabu, ilhali karibu nusu ya uzito wake ni sukari. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Hivyo ni vijiko sita vya chai. Makaroni tatu za gramu 20 kila moja zinatosha kukuvusha kiwango hicho.

Jihadhari pia na keki iitwayo baba. Duka la Stohrer la Paris, lililofunguliwa mwaka 1730, linasifika kwa keki hiyo. Huloweshwa kwa shira yenye pombe kali ya rum baada ya kutoka kwenye oveni, kwa hiyo pombe hiyo haijakaushwa na moto. Haimfai mtoto, mjamzito, anayetumia metronidazole, wala asiyetumia pombe kwa sababu ya imani yake. Ukiwa na mzio wa karanga, lozi, mayai, maziwa au ngano, uliza kabla ya kulipa. Nchini Ufaransa na kote Umoja wa Ulaya, sheria inamtaka muuzaji akueleze.

Sasa ule vipi? Usiingie na njaa, kwa maana mwenye njaa hununua kwa macho. Keki iliyoliwa baada ya mlo wenye mboga na maharage, samaki au nyama haipandishi sukari ya damu kwa kasi kama iliyoliwa tumboni patupu. Wafaransa wengi hula keki mwisho wa mlo, na watoto wao hupewa kitu kitamu alasiri, wakishatoka shule, badala ya kutafuna siku nzima.

Chagua moja tu, ile uliyoitamani kweli. Kama ni kubwa, gawaneni na uliyefuatana naye. Kaa chini, ule polepole, uteremshie kwa kahawa au chai isiyo na sukari. Soda na juisi ziache, maana utakuwa umekunywa keki ya pili. Ukimaliza, tembea dakika 10 hadi 15. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu.

Kwa mwenye kisukari, usiruke dozi wala usiongeze dawa kwa kujikadiria eti kwa sababu umekula keki. Pima sukari saa mbili baada ya kula na uandike matokeo. Ikizidi kiwango ulichopangiwa na daktari wako, safari ijayo kula nusu, na daftari hilo nenda nalo kliniki.