Jua Lenye Madoa Hutukinga

Wajua kwamba jua hutupa mwanga na joto. Lakini lina kazi nyingine lifanyayo kimya kimya, nayo ni kuzuia mionzi itokayo mbali sana, iitwayo mionzi ya kosmiki.

Mionzi hiyo aliigundua Mwaustria Victor Hess. Mwezi wa Agosti mwaka 1912 alipanda kwa puto kupita mita 5,000, akaona kwamba kadiri alivyopanda, vyombo vyake vilipima mionzi mingi zaidi. Basi haikutoka ardhini, ilitoka juu! Jina hili la mionzi lisikudanganye. Ni vipande vidogo mno vyenye umeme, navyo hukimbia karibu sawa na mwanga wenyewe.

Sasa, kitu chenye umeme kikipita penye sumaku, njia yake hupinda. Nalo jua ni sumaku kubwa. Toka kwake huvuma upepo, kilometa 400 na zaidi kwa sekunde moja, nao huichukua nguvu hiyo ya sumaku mpaka kupita sayari zote. Kipande kitokacho nje hupanda kama mtumbwi unaopigana na mkondo wa mto.

Mkondo huo hauna nguvu sawa siku zote. Kila miaka 11 hivi madoa meusi huzidi juu ya jua, na sumaku yake huvurugika. Mtu angedhani jua likichafuka hivyo hatari zote huongezeka. Sivyo! Mmarekani Scott Forbush alilinganisha vipimo vya miaka mingi, vikiwamo vya Peru, akaonyesha mwaka 1954 kwamba madoa yakizidi, mionzi ya kosmiki hupungua. Mwaka 2009 jua lilitulia sana, nayo mionzi ikazidi.

Chombo Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kilivuka mpaka wa upepo wa jua mwezi wa Agosti 2012, umbali wa kilometa milioni 18,000 hivi. Huko mionzi ya kosmiki iliongezeka ghafla.

Kwa watakaosafiri kwenda Mars, safari ya miezi mingi, jambo hili ni la uhai. Waende lini? Jua likitulia, mionzi ya mbali huwapiga zaidi. Likichafuka, hiyo hupungua, lakini jua lenyewe laweza kulipuka na kurusha mionzi yake. Mwezi wa Agosti 1972 lililipuka vibaya, katikati ya safari za Apollo 16 na Apollo 17. Kama watu wangalikuwa wakitembea mwezini siku zile, wangaliweza kuugua sana.

Sisi tulio chini tuna hewa, ambayo uzito wake juu yetu ni kama maji ya kina cha mita 10. Tena dunia nayo ni sumaku, na karibu na Ikweta ndipo mionzi hiyo ipatapo shida zaidi kupenya.