Usingizi wa Mchana wa Mtoto (Sehemu ya Tatu): Wakati wa Kuuacha

Watoto wengi huacha kulala mchana kati ya umri wa miaka 3 na 5, na wazazi wengi hudhani kwamba badiliko hilo huletwa na amri ya mtu mzima, ilhali chanzo chake ni kukomaa kwa ubongo. Kadiri mtu anavyokaa macho ndivyo adenosini, yaani kemikali inayochochea usingizi, inavyozidi kujikusanya ubongoni. Kwa mtoto wa miaka 2 msukumo huo wa usingizi hupanda upesi hata ikifika adhuhuri hawezi kuustahimili, bali akikua hupanda polepole, naye akafika jioni bila kusinzia.

Mwaka 2022 watafiti Rebecca Spencer na Tracy Riggins wa Marekani walitoa hoja kwamba hipokampasi, sehemu ya ubongo inayopokea kumbukumbu mpya, ikiwa bado changa hulemewa haraka, na kwamba usingizi wa mchana huipa nafasi ya kuzihamishia kwenye gome la ubongo, ambako hudumu. Hoja hiyo ina uzito mkubwa, kwa maana mwalimu wa chekechea anayemkaripia mtoto aliyesinzia huenda anamnyima sehemu ya somo lenyewe.

Dalili ya kutegemewa kwamba mtoto yuko tayari kuuacha, basi, ni usiku wake zaidi kuliko umri wake. Akilala alasiri kisha usiku akakaa macho muda mrefu, siku nyingi mfululizo, na siku asipolala akabaki mchangamfu hadi magharibi, amekuwa tayari. Anayelialia ovyo ifikapo saa kumi alasiri bado anauhitaji usingizi wa mchana. Aliye tayari apunguziwe kidogo kidogo, aamshwe mapema, halafu apewe mapumziko ya kimya mkekani pamoja na vitabu vya picha, na akiugua aachwe alale.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni kufidia usiku kile kilichopunguzwa mchana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza saa 10 hadi 13 kwa siku kwa watoto wa miaka 3 na 4, usingizi wa mchana ukiwemo. Hivyo anayeamshwa saa kumi na mbili asubuhi kuwahi basi la shule, naye halali tena mchana, hana budi awe usingizini kabla ya saa mbili usiku, na katika nyumba ambazo chakula huiva saa tatu, chake kitangulie.