Historia: Ukipewa Dondoo, Usieleze Maji Pekee

Umewahi kupewa dondoo kwenye mtihani wa historia, ukaliandika upya kwa maneno yako, kisha ukashangaa mbona alama ni tatu? Mimi yamenipata. Chuo niliacha baadaye kwa sababu zingine, lakini hilo kosa bado linaniuma.

Chukua kisa cha Hola. Machi 3, 1959, wazuiliwa 11 walikufa katika kambi hiyo ya Mau Mau. Taarifa ya kwanza ya serikali ya mkoloni ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ukaonyesha waliuawa na kipigo cha walinzi.

Sasa ukiwekewa taarifa hiyo kwenye karatasi, usikimbilie kueleza maji. Uliza: nani ameandika? Lini? Alitaka nani aamini? Angepoteza nini ukweli ukijulikana? Halafu soma dondoo la pili, onyesha yanapogongana na sababu yake. Nukuu maneno machache tu, ongeza unachojua kuhusu hali ya hatari ya 1952 hadi 1960, kisha utoe uamuzi wako.

Na usiitupe taarifa ya maji eti ni uongo. Haikwambii watu walikufaje, sawa, lakini inakuonyesha serikali ilichotaka kuficha. Hapo ndipo alama ziko, rafiki yangu.

Siku hizi hata nikitumiwa taarifa kwenye WhatsApp naanza hivyo hivyo: nani ameandika, na anataka niamini nini?