Bakteria wa Mtindi Wanaolisumbua Ini

Mwaka 1974 mtafiti Mmarekani, George Mann, na mwenzake walichapisha matokeo ambayo hawakuyatarajia. Waliwapa wanaume wa Kimasai maziwa mgando, tena mengi kweli kweli, na baadhi yao wakaongezewa kemikali iliyodhaniwa kwamba ingepandisha kolesteroli. Wanaume wakanenepa, lakini kolesteroli ikashuka, ya waliopewa kemikali na ya wasiopewa. Habari ya kemikali ikaishia hapo. Kilichotakiwa kujulikana sasa ni kilichomo ndani ya maziwa.

Sehemu ya jibu iko kwenye ini. Ini hutumia kolesteroli kutengeneza nyongo, nayo nyongo humwagwa utumboni kusaidia kusaga mafuta ya chakula. Kazi ikiisha, karibu asilimia 95 ya chumvi za nyongo hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini zitumike upya. Mwili ni bahili kama mwenye duka anayeokota hadi punje ya mchele iliyodondoka. Sasa, baadhi ya bakteria wa jamii za Lactobacillus na Bifidobacterium wana kimeng'enya kinachozikata chumvi hizo vipande viwili. Zikishakatwa hazifyonzeki vizuri, na nyingi huenda na choo. Ini likipungukiwa hulazimika kuchota kolesteroli kwenye damu ili litengeneze nyongo nyingine. Wapo pia bakteria wanaoinasa kolesteroli kwenye utando wa seli zao na kutoka nayo.

Watafiti walipochunguza kule naoto, maziwa ya kibuyu ya Wamasai wa Kenya, walikuta Lactobacillus plantarum ndiye aliyetamalaki. Kibuyu chenyewe husafishwa kwa kijinga cha mzeituni mwitu kabla ya kutiwa maziwa, na hakuna anayenunua bakteria dukani. Wamo humo humo.

Kwa mwenye kisukari kolesteroli si jambo la mzaha. Anaweza kuishi akihesabu sukari tu, ilhali maradhi ya moyo na mishipa ndiyo yanayoongoza kuwaua wenye kisukari cha aina ya pili. Huko Tabriz, Iran, watu 60 wenye kisukari hicho na kolesteroli mbaya, yaani LDL, iliyopanda kidogo waligawanywa makundi mawili. Kila mmoja alikula gramu 300 za mtindi kwa siku, kwa wiki sita. Kundi moja lilipewa mtindi wa kawaida, jingine mtindi uliotiwa Lactobacillus acidophilus na Bifidobacterium lactis. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: ikilinganishwa na wale wa mtindi wa kawaida, kolesteroli ya jumla ilipungua kwa asilimia 4.54 na LDL kwa asilimia 7.45. Kolesteroli nzuri, HDL, haikubadilika, wala trigliseridi.

Asilimia saba ni kitu, lakini ni kitu kidogo. Vidonge vya jamii ya statini hushusha LDL kwa asilimia 30 hadi 50, kutegemea aina na dozi. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa atupe vidonge abaki na kikombe cha mtindi anamdanganya, hata kama ana nia njema. Tena wiki sita hazitoshi kuonyesha nani ataepuka shambulio la moyo.

Kuna na mtego mwingine. Mtindi mwingi wa dukani wenye ladha ya embe au stroberi umetiwa sukari, na huo kwa mwenye kisukari ni kutibu goti kwa kuvunja kiwiko. Usio na sukari ndio wake. Na ukiumwaga kwenye mchuzi unaochemka, ladha itabaki ila bakteria watakufa. Hata wanaofika utumboni wakiwa hai hawahamii moja kwa moja. Wengi wao hupita tu, na ukiacha kuula mtindi hutoweka baada ya siku au wiki chache. Ndiyo maana wale wa Tabriz waliula kila siku.